Mipira Minene ya Shemeji

Mtu akiniuliza leo anunue mpira gani wa kinga, yaani baiskeli, kwa njia ya matope, namjibu sawasawa, tena bure. Namwambia usitazame uzuri wa mpira, tazama njia utakayopita. Ubonyeze kwa ukucha: ukucha ukikataa kabisa kuingia, raba imezeeka, iache. Ukunje ubavu, tafuta nyufa ndogondogo. Meno yawe machache na yaachane, matope yapate pa kutokea. Halafu pitisha vidole viwili kati ya mpira na uma wa gurudumu. Vikikwama, mrudishie muuzaji mpira wake hata kama anautoa kwa bei ya karanga. Haya yote niliyajua tangu ujana. Siku moja tu niliulizwa nikajibu uongo, na nilijibu kwa kusudi. Aliyeniuliza alikuwa mume wa dada yangu mdogo.

Sisi wa ng'ambo ya kushoto ya mto, watu wa Lubunga, kinga zetu za kazi hatuzipandi. Tunazisukuma. Unafunga fimbo moja kwenye usukani, nyingine nyuma ya kiti, unapakia madumu ya mawese, magunia ya mchele, mikungu ya ndizi, unashika njia kwa miguu. Kutoka kijijini kwetu mpaka Lubunga ni kilomita arobaini hivi, siku nzima ya kutembea kama mvua imekaa kimya. Wazee wanasema zamani malori yalipita. Labda. Mimi sijaona hata moja. Kilichobaki ni mfereji mmoja katikati ya potopoto, ndiyo matope yetu, umechimbwa na magurudumu yetu miaka na miaka, mwembamba, mahali pengine unameza nusu ya gurudumu. Tunauita reli. Chini ya reli udongo ni mgumu, na mpira mwembamba ukiingia humo unakwenda. Mpira mnene hauingii. Unabaki juu ukingoni, unateleza, unazoa udongo na majani mpaka uma unajaa na gurudumu linagoma kuzunguka. Unasimama, unakwangua kwa kijiti, unakwenda hatua kumi, unasimama tena.

Na tuna sheria yetu. Tukiwa kwenye msururu, anayesimamisha wenzake anatolewa kwenye reli, yeye na mzigo wake, anawekwa pembeni porini, wengine wanapita. Hakuna kubishana. Mimi nilikuwa natangulia msururu, kwa hiyo kazi ya kuwatoa watu ilikuwa yangu. Nimewatoa wengi, wengine wanalia, wengine wananitukania mama. Niliipenda kazi hiyo, nisidanganye.

Sasa huyu shemeji. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyechoka kungoja mshahara, mtoto wa wavuvi wa upande wa Yanonge. Mpe pirogi na kasia, utamheshimu. Mpe kinga, utamwonea huruma. Alisema "pardon" hata kwa mbuzi aliyemzibia njia. Alipomwoa dada yangu alikuja kukaa kijijini kwetu, nyumba yake ukuta kwa ukuta na ya mama yangu, na mama akampenda mpaka ikawa kero. Mukwe yangu hivi, mukwe yangu vile. Alimchotea maji, mwanaume mzima! Alimsomea Biblia jioni. Alimtengenezea mlango ambao mimi nilikuwa nimeahidi kuutengeneza tangu mlango wenyewe ulipoanza kulia.

Mama alikuwa na ngiri ya kitovu. Ilikuwa inatoka akikohoa, anairudisha ndani kwa kiganja, anaendelea kutwanga. Upasuaji alikataa, alisema kisu hakimtaki na yeye hakitaki. Muuguzi wa zahanati ya kijiji alituita wote, akatuambia tukiwa tumesimama mbele yake: "Siku hii kitu itakataa kurudi ndani, ni siku ile ile hospitali. Si kesho." Basi wote tulijua. Siku hiyo ikifika, mama atawekwa kwenye kinga na kusukumwa mpaka Lubunga, na kama njia haikukawia, atapona.

Nilikuwa nasema kila mara: nitambeba mimi. Ni mama yangu, na hakuna mtu kwenye njia ile anayenishinda. Lakini mimi nilikaa Lubunga, kijijini nilifika kuchukua mzigo tu, nikala, nikaondoka. Jumapili moja mama, sahani ya lituma ya ndizi mbele yake, watu wamejaa uani, akasema: "Mimi, siku yangu ikifika, mukwe yangu atanibeba. Huyu mwingine mutamutafuta wapi? Kwenye lotoko?" Lotoko ni pombe yetu kali ya kienyeji, na watu wakacheka mpaka machozi. Nilicheka nao. Nilirudi Lubunga na kile kicheko kimenifuata njia nzima, na yule mwalimu, wakati wenzake wanacheka, yeye alikuwa ameinamisha kichwa kwa aibu yangu. Hiyo ndiyo iliniudhi zaidi. Nani alimwomba anionee aibu?

Siku chache baadaye wakaja Lubunga yeye na dada yangu, mtoto mgongoni, kununua mipira. Kinga yake ilikuwa ile ya magurudumu madogo, mitumba ya Ulaya, na mipira yake ya zamani ilikuwa imeisha mpaka unaona nyuzi. Nikawapeleka sokoni kwa mama mmoja anayepanga mipira juu ya turubai. Kwa saizi yao alikuwa na aina mbili. Mmoja mwembamba, meno mafupi ya kuachana, hauna sura, raba nzuri. Mwingine mnene, mweusi, meno makubwa yamebanana, ukiutazama unasema huu utapanda mpaka kwenye paa la kanisa. Tena mnene ulikuwa wa bei ya chini, kwa sababu hakuna mtu wa njia yetu aliyeutaka.

Shemeji akachuchumaa, akaigusa yote miwili kama anagusa daftari za wanafunzi. "Semeki," akaniita, hivyo ndivyo tunavyoitana mashemeji, "wewe ndiye unajua hii mambo. Tuchukue gani?"

Mama muuzaji akafungua mdomo. "Papa, hii ya nene bei iko chini, lakini kwa ile njia yenu..."

"Mama," nikamkata, "tuachie wanaume na kazi yao." Akanitazama, akaanza kupangusa mpira ambao haukuwa na vumbi.

Nikaupiga kofi ule mnene. "Unaona meno? Hii, ata potopoto itaomba pardon."

Dada yangu hakuwa mjinga. Alitazama kinga yangu niliyoiegemeza pale karibu. "Yaya," akaniita, yaani kaka mkubwa, "mbona yako iko na mipira myembamba?"

"Yangu ni kinga ya zamani, gurudumu kubwa," nikamjibu. "Hii haiingie. Ningekuwa na kinga kama yenu, ningeweka hii leo leo."

Shemeji akatabasamu. Akanishika bega, akasema polepole, kama mtu anayetoa siri: "Ni juu ya mama, semeki. Siku atashikwa, sitaki kinga ikatae."

Nilisikia. Sitasema sikusikia. Mkono wangu ulikuwa bado juu ya ule mpira, jua linauchoma, na ningeweza kusema neno moja tu: hapana, chukua ule mwembamba. Sikusema. Nilikuwa nimeshapanga filamu yangu kichwani. Mvua ya kwanza itamkuta kwenye msururu, atakwama mbele ya watu wote, mimi mwenyewe nitamtoa kwenye reli na kumweka porini na magunia yake, na kabla ya jioni mama atakuwa amesikia mukwe wake ni mtu wa namna gani. Kuhusu mama mwenyewe, nilijiambia siku yake ikifika mimi nitakuwepo. Nilijiambia hivyo bila sababu yoyote, maana siku saba za wiki, tano sikuwepo.

Akalipa. Nikamsaidia hata kuifunga. Vidole viwili havikupita kati ya mpira na uma, hata kimoja kilipita kwa taabu, na mimi nikapiga filimbi nikijaza upepo.

Ikafuata wiki ya jua kavu. Mipira minene ikakimbia vizuri sana kwenye udongo mkavu, watoto wa kijijini wakaikimbilia kuitazama, na shemeji akanitumia samaki wa kukaushwa, mkubwa, amefungwa kwa majani, pamoja na salamu: mwambieni semeki aksanti, alinichagulia vizuri. Niliwaonyesha wenzangu pale bandarini, wasukumaji wenzangu, nikawaeleza mambo yote. Tulimla yule samaki tukicheka. Mmoja alisema, "Ngojea mvua." Likawa neno letu. Mtu akituuliza habari, tunamjibu "Ngojea mvua," tunaanguka kwa kicheko.

Mvua ikaja. Ilinyesha siku mbili bila kupumzika, na siku ya tatu ikawa manyunyu. Hakuna msururu uliotoka, nani atoke? Sisi tulikaa chini ya bati pale bandarini tangu asubuhi, mbele yetu chupa ya lotoko, tunangoja bati liache kulia. Mchana simu yangu ikaita. Nikaangalia: shemeji.

Kijijini kwetu mtandao haupo. Unapatikana kwenye kilima cha kijiji kimoja cha katikati ya njia. Kwa hiyo nilijua yuko njiani, nilijua yuko kwenye matope, na nilijua mipira imemfanyia nini. Nikainua simu juu wote waione. "Mutazame! Potopoto imemushika, anaita mwalimu mukuu!" Wee, tulicheka. Simu ikakata. Ikaita tena. Mwenzangu akaweka mkono sikioni akaigiza sauti yake: "Pardon, semeki, pardon." Ikakata. Ikaita mara ya tatu, ndefu, mpaka ikachoka. Sikushika. Nilitaka akae na matope yake siku nzima, ajifunze.

Kesho yake mchana akaja mtu wa kile kijiji cha katikati, miguu myekundu mpaka magotini. Hakukaa. Alinivuta pembeni akaniambia mama yangu amefariki kwao, kwenye nyumba ya katekista, alfajiri.

Kumbe ngiri ilikuwa imekataa kurudi ndani tangu usiku wa kuamkia siku ya zile simu. Kulipopambazuka shemeji alifunga ubao kwenye kinga, akafunga fimbo mbili za kuegemea, akamkalisha mama, akamfunga kwa kitenge cha dada yangu, wakaondoka watatu kwenye manyunyu, yeye anasukuma, dada anashika nyuma, mtoto mgongoni. Wanaume wa kijijini wengi walikuwa wamekwenda mashamba ya mbali na mvua imewafungia huko. Waliobaki ni wazee. Mpira haukuingia kwenye reli. Walikwenda ukingoni. Kila hatua kumi gurudumu linagoma, dada anachuchumaa na mtoto mgongoni, anakwangua, wanaanza tena, na mama juu ya ubao anauma meno. Nusu ya njia iliwachukua mpaka mchana. Hapo ndipo shemeji alipopanda kilima kunipigia. Alitaka nishuke na kinga yangu tukutane, tumhamishie kwenye mipira myembamba. Ningewafikia kabla ya jioni. Kwa kuwa sikushika, alitafuta watu wanne wa kumbeba kwenye kiti, akawapata wawili, akamtafuta wa tatu, na mama akawa hawezi tena kukaa.

Nilikwenda kumchukua na kinga yangu. Reli ilikuwa na maji lakini mipira yangu iliingia, ikakaa, ikanipeleka bila kunisumbua hata mara moja, na mimi nikawa naomba isumbue, izame, ipasuke, Mungu wangu, kitu chochote kinicheleweshe. Karibu na kile kijiji niliikuta kinga ya shemeji, imelazwa pembeni. Magurudumu yalikuwa mabonge mawili ya udongo, huoni hata jino moja. Kijiti cha kukwangulia kilikuwa kimechomekwa ardhini kando yake.

Kwetu maiti hazikwi kabla aliyekaa na mgonjwa hajasimama na kueleza: ugonjwa ulianza vipi, ulitibiwa vipi, nani alibeba, njia ilikuwaje. Ndugu za mama, wajomba zetu tunaowaita noko, wanakaa mbele na kuuliza. Ni kama mahakama, ila hakuna wakili. Uwanja wa mama ulijaa. Shemeji akasimama, suruali yake bado na matope, akaeleza hatua kwa hatua, sauti haitetemeki. Alipofika kwenye mipira, noko mkubwa akainua mkono.

"Ngojea. Hii mipira nani alichagua?"

"Mimi, noko," shemeji akajibu. "Mimi mwenyewe nilichagua."

Watu wakanung'unika. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha mtoto wa kwanza wa kiume. Nikamtazama, nikafikiri: sasa ananiangalia, sasa atasema. Hakuniangalia. Lakini noko akanigeukia mimi. "Na wewe, mutu ya kinga, wewe ulikuwa wapi? Haukumuonyesha?"

Hakuna aliyenishtaki. Ningesema tu nilikuwa mjini, yangekwisha. Lakini nilijiona tayari nimesimama pale kwenye matope mahali pake, na mdomo ukatangulia.

"Nilimukataza, noko," nikasema. "Nilimuambia achukue ile mwembamba. Akakataa. Alisema mimi sikusoma."

Kelele zikalipuka. Wanawake wakapiga mayowe, vijana wa ukoo wakamvuta shati mpaka likapasuka, mmoja akampiga usoni kwa ndala. Hakujikinga. Dada yangu alikuwa kwenye mkeka karibu na mama, mtoto kifuani, akanitazama. Yeye alikuwepo sokoni. Alisikia kila neno la sokoni na sasa amesikia na hili. Nikangoja asimame. Hakusimama.

Noko wakakata shauri: mukwe hatatupa udongo kaburini. Atakaa nje ya ua mpaka mazishi yaishe. Kisha atamwomba msamaha mtoto mkubwa wa marehemu, yaani mimi, mbele ya watu wote, na ataondoka kijijini. Tukamzika mama. Yeye alisimama kwenye mvua nyuma ya mgomba, nguo imechanika, anasali peke yake.

Baada ya kaburi nilikwenda jikoni kwa mama kutafuta maji. Dada yangu alikuwa anafunga sufuria zake kwenye kitenge, kile kile. Hakugeuka.

"Njiani mama aliuliza," akasema. "Aliangalia gurudumu, akasema: nani aliwaambia hii ni ya potopoto? Bwana yangu akasema, ni semeki. Mama akafunga macho. Mimi nilifikiri amezimia. Kiisha akamuambia: usimutaje mbele ya noko zake. Sema ni wewe ulichagua. Ule mutoto yangu, akasema, watu wakimushikia maneno, hataweza kuyabeba. Bwana yangu akaapa." Akakaza fundo kwa meno. "Alikuwa amekwisha kukuficha, yaya. Haukuwa na kitu ya kusema. Ulikuwa wa kunyamaza tu."

Nikataka kumshika mkono. Akalipitisha fungu lake katikati yetu, akatoka.

Uani watu walikuwa wamesimama kungoja ule msamaha. Shemeji akaitwa aingie. Akaja na lile shati lililopasuka, jicho moja limevimba, akasimama mbele yangu karibu kabisa, na macho yake yalikuwa yale yale ya sokoni, ya mtu anayekuuliza tuchukue gani. Alijua. Alijua tangu njiani, na bado alitimiza kiapo chake, hata kwangu mimi. Akanyoosha mikono yote miwili kama tunavyofanya kwa mkubwa.

"Pardon, semeki," akasema. "Uliniambia, sikusikia."

Noko walikuwa wananitazama, dada yangu alikuwa ameshika njia, fungu kichwani, ametupa mgongo. Nikaipokea mikono yake, bado ilikuwa na udongo kwenye kucha. Na mimi, mbele ya watu wote, nikamwambia nimemsamehe.